JOMETRI IANZE SHAMBANI

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, waliofaulu hupongezwa, na jambo hilo ni jema. Lakini ifikapo zamu ya somo la Hisabati, wote huinamisha vichwa. Katika mtihani wa mwaka 2022, kati ya kila watahiniwa watano wa somo hilo katika Jamhuri ya Muungano, kiasi cha mmoja tu ndiye aliyefaulu. Mwaka 2023 hali ilikuwa afadhali kidogo, kiasi cha mmoja katika kila wanne. Hii maana yake ni kuwa wengi wa vijana wetu hukaa darasani miaka kumi na zaidi wakifundishwa hesabu, na mwishowe hutoka wakiamini kwamba hesabu si kitu chao.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya upungufu wa walimu, wa vitabu na wa madawati, nasi hatuyakanushi. Leo tunataka kusema juu ya jambo moja ambalo halingoji fedha nyingi, nalo ni namna tunavyofundisha jometri. Tunasema kwamba somo hilo litolewe ubaoni lipelekwe kwenye vitu vinavyopimwa kila siku, kisha lirudishwe ubaoni likiwa na maana. Tunasema pia kwamba jambo hili si la walimu peke yao. Ni jambo la haki ya mwananchi, kwani asiyejua kupima hupimiwa, na anayepimiwa hana la kujibu.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tutaitazama Dirma, kata moja ya Wilaya ya Hanang katika Mkoa wa Manyara, nchi ya Wairaqw na Wabarbaig ambayo zamani ilikuwa chini ya Wilaya ya Mbulu. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza: Dirma inatuhusu nini sisi watu wa Visiwani? Jibu ni kwamba mtihani wa Kidato cha Nne ni mmoja. Karatasi ya Hisabati inayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania hufunguliwa siku moja na saa moja mbele ya mtoto wa Wete na mbele ya mtoto wa Hanang. Mmoja amekulia kando ya bahari, mwingine amekulia kwenye nyanda za mifugo na ngano chini ya mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Wote wawili huulizwa habari za pembetatu ile ile, na wengi wao hushindwa kwa sababu ile ile.

Sababu yenyewe ni nini? Mwalimu huingia darasani akachora pembetatu, akaandika herufi A, B na C kwenye kona zake, akatoa kanuni, wanafunzi wakanakili. Pembetatu hiyo haina mwenyewe, haina shamba wala nyumba. Mwanafunzi huikariri kama mtu anavyokariri maneno ya lugha asiyoijua, na mtihani unapogeuza herufi kidogo tu, hupotea. Isitoshe, mtoto wa Dirma aliyeanza kusema kwa Kiiraqw au Kidatooga akajifunza Kiswahili katika skuli ya msingi, anapofika Kidato cha Kwanza hukuta pembetatu ile ile imepewa jina la tatu, la Kiingereza. Kwa mtoto wa namna hiyo, kitu kinachoshikika mkononi ndilo daraja la pekee baina ya lugha hizo tatu.

Yafaa tukumbuke kwamba jometri haikuzaliwa ubaoni. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kiyunani, maana yake ni kupima ardhi. Wayunani walisimulia kuwa elimu hiyo ilitoka Misri, ambako mafuriko ya mto Nile yalikuwa yakifuta mipaka ya mashamba, ikabidi watu wenye kamba wapime upya ili kila mmoja apate haki yake na kodi itozwe sawasawa. Kwa hiyo tunapodai kwamba mwanafunzi apelekwe shambani hatuleti jambo geni. Tunalirudisha somo nyumbani kwao.

Tuanze na ekari, au eka kama tuitavyo hapa Visiwani. Kila Mzanzibari anajua uzito wa neno hilo, kwa kuwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali iliwagawia wananchi ardhi eka tatu tatu. Katika sehemu nyingi za Bara, mkulima asiye na futikamba hupima ekari moja kwa miguu, yaani hatua 70 kwa hatua 70. Kanuni hiyo si ya kipuuzi. Kama kila hatua ni yadi moja, eneo ni yadi za mraba 4,900, na ekari halisi ni yadi za mraba 4,840. Tofauti ni ndogo mno.

Lakini je, hatua ya nani? Tuchukulie mwenye shamba ni mtu mrefu, hatua yake inafika mita moja kamili, naye ndiye anayempimia kibarua kazi ya kulima. Hatua 70 zake kwa 70 ni mita za mraba 4,900, ilhali ekari halisi ni mita za mraba 4,047 hivi. Kibarua huyo atalima ekari moja na zaidi ya moja ya tano kwa ujira wa ekari moja. Tugeuze sasa. Mtu mwenye hatua fupi ya sentimita 75 anamkodisha jirani yake ekari moja kwa msimu. Hatua zake 70 ni mita 52 na nusu, na shamba lote ni mita za mraba 2,756, yaani chini ya sehemu saba katika kumi za ekari. Mkodishaji amepokea kodi ya ekari nzima. Ukiilinganisha na yadi, hatua yake imepungua kwa chini ya moja ya tano, lakini shamba limepungua kwa karibu theluthi moja.

Hapo ndipo penye somo. Kwa nini urefu upungue kidogo na eneo lipungue sana? Kwa sababu eneo hufuata mraba wa urefu, na kipimo kikipunguzwa pande mbili hasara huzidishwa kwa hasara. Kanuni hii imo katika vitabu vyote vya Hisabati vya sekondari, na wanafunzi wengi huiona kuwa ni mojawapo ya mambo ya kukariri. Mwanafunzi aliyeiona shambani kwa mama yake hataisahau.

Kipindi cha namna hiyo hakihitaji mtambo wowote. Mwalimu apime mita 50 kwenye kiwanja cha skuli, kila mwanafunzi azitembee kwa mwendo wake wa kawaida na kuhesabu hatua, kisha agawe na kupata urefu wa hatua yake mwenyewe. Darasa liandike majibu yote ubaoni, litafute wastani, lione tofauti baina ya mrefu na mfupi. Kisha kila mmoja akokotoe ekari yake ni hatua ngapi kwa ngapi. Mwenye hatua ya sentimita 75 atakuta kuwa ekari yake si 70 kwa 70, bali ni 85 kwa 85. Atakwenda nayo hesabu hiyo nyumbani, na pengine siku hiyo hiyo baba yake atamwita waende wakalipime upya shamba la kukodi.

Wataalamu wa elimu huiita kazi hii kujenga mfano wa kihisabati kutokana na mambo halisi. Jina ni refu lakini jambo ni jepesi. Huchukuliwa swali la maisha, huachwa yasiyo ya lazima, yaliyobaki huandikwa kwa tarakimu na michoro, hutafutwa jibu, kisha jibu hurudishwa kwenye maisha kuona kama linasimama. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana katika skuli zetu. Mwanafunzi wetu akipata jibu kwamba nyumba ina kimo cha mita 300 huliandika, hulipigia mstari na kuendelea na swali linalofuata, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuliuliza jibu lake kama lina akili.

Tuendelee na kona za shamba. Mtu anaweza kuzunguka shamba lenye mzingo wa hatua 280 akaambiwa kuwa hiyo ni ekari moja, kwa kuwa 70 mara nne ni 280. Lakini shamba la hatua 100 kwa 40 nalo lina mzingo wa 280, na eneo lake ni 4,000 tu. La hatua 120 kwa 20 lina mzingo huo huo, na eneo lake ni 2,400, chini ya nusu ya lile la kwanza. Hata pande zote nne zikiwa hatua 70 kamili, bado hila inaweza kupita kwenye kona. Shamba likilala upande mpaka kona moja iwe na nyuzi 60 badala ya 90, pande hazibadiliki, ila eneo hushuka kutoka 4,900 hadi 4,243.

Dawa yake ni nini? Ni kupima ulalo, yaani mstari unaotoka kona moja kwenda kona inayoikabili. Katika mraba wa hatua 70, kanuni ya Pythagoras inatuambia kuwa kila ulalo hauna budi kuwa karibu hatua 99. Katika lile shamba lililolala, ulalo mmoja ni hatua 70 na wa pili ni 121. Basi mkulima aliyesoma mpaka Kidato cha Pili, akijua namba moja tu, 99, hawezi kudanganywa kwa kona. Fundi mwashi naye ana njia yake: anapoweka msingi wa nyumba hupima tatu upande huu, nne upande ule, na kuhakikisha kuwa mstari wa kuunganisha ni tano. Kanuni ni ile ile moja. Tena huenda fundi huyo hakupata kusikia jina la Pythagoras, ilhali mwanafunzi aliyelisikia mara mia hawezi kuweka msingi wa banda la kuku.

Marehemu Paulus Gerdes, mtaalamu wa Hisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, aliandika mengi juu ya jambo hili. Alieleza jinsi wakulima wa nchi ile jirani wanavyochukua kamba mbili zenye urefu mmoja, wakazifunga pamoja katikati, kisha wakazivuta mpaka ncha zake nne zikafika penye kona za nyumba wanayotaka kujenga. Ncha hizo nne hutoa mstatili bila ya kupima pembe hata moja. Kwa nini? Kwa sababu umbo la pande nne ambalo mistari yake ya ulalo ni sawa na inakatana katikati haliwezi kuwa kitu kingine ila mstatili. Gerdes alitazama pia ususi wa mitego ya samaki yenye tundu za pembe sita. Wavuvi wetu wa Unguja na Pemba husuka tundu hizo hizo katika dema, wakipitisha fito kwa njia tatu zinazokatana kwa nyuzi 60. Kila siku dema hushushwa baharini mbele ya macho ya watoto wetu, na kila siku watoto hao hufundishwa umbo la pembe sita kwa mchoro ubaoni, kana kwamba ni kitu kilichotoka ng'ambo.

Turudi Hanang, mazao yakiwa yamevunwa. Mkulima wa viazi au vitunguu anajua neno lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake, kisha likashonewa kilemba juu. Mnunuzi huliita gunia moja na kulilipa bei ya gunia moja. Mwanafunzi wa jometri aulizwe: kilemba hicho ni kiasi gani? Alitazame gunia kama nguzo ya duara, na kilemba kama pia iliyopinduliwa, ncha juu. Ujazo wa pia ni theluthi ya ujazo wa nguzo yenye kitako na kimo sawa nayo. Basi kilemba kikiwa na kimo cha nusu ya gunia, ziada yake ni theluthi ya nusu, yaani moja ya sita. Kwa kila magunia sita ya lumbesa, mkulima ametoa ujazo wa gunia la saba bure. Serikali imekwisha kupiga marufuku ufungaji huo, na Wakala wa Vipimo ana wajibu wa kuuzuia. Hata hivyo mkaguzi mmoja hawezi kusimama kwenye kila kijiji siku ya mnada. Mtoto wa mkulima yupo siku zote.

Yako pia mambo makubwa kuliko gunia. Katika miaka ya 1970 na 1980 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, liliendesha katika nyanda za Hanang mashamba makubwa ya ngano ambayo jumla yake ilikuwa karibu ekari 100,000. Wabarbaig, waliokuwa wakichunga katika nyanda hizo, walilalamika kuwa wamepoteza malisho, na katika miaka ya 1980 malalamiko hayo yalifika mahakamani. Shirika lile halipo tena, wala hatuandiki leo kufufua mashauri yaliyokwisha kuamuliwa. Tunauliza swali la mwalimu tu: wazee waliotajiwa ekari laki moja, ni nani aliyewaonyesha ni kiasi gani? Ekari 100,000 ni kilomita za mraba 405 hivi, yaani mraba ambao kila upande wake ni mwendo wa kilomita 20. Msomaji wa Pemba ataelewa zaidi tukimwambia kuwa ni karibu sehemu mbili kati ya tano za kisiwa chake chote. Namba ikiwekwa hivyo, kila mtu anaweza kuijadili, awe anaiunga mkono au anaipinga. Ikibaki namba tupu, huijadili wachache tu.

Swali hilo halijapita. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri za vijiji vya Bara ndizo zinazosimamia ardhi ya vijiji, na wananchi wanaweza kupewa hati za hakimiliki ya kimila. Wajumbe wa halmashauri hizo huwekewa ramani mezani waziidhinishe. Mjumbe asiyejua skeli ni nini, asiyeweza kuona kwamba sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita nzima ya malisho, ataidhinisha kwa imani tu. Wajumbe wa miaka ishirini ijayo wamo madarasani leo, huko Dirma na kwengineko. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kuwa daftari lenyewe halimsaidii asiyejua kulisoma.

Zipo hoja za kupinga, na ni haki zijibiwe.

Wapo watakaosema kuwa siku hizi simu ya mkononi hupima shamba kwa kuzungushwa tu. Ni kweli, na chombo hicho kitumike. Lakini kipimo cha simu kinaweza kukosea mita kadhaa kwenye kila kona, na kwenye shamba dogo la upande wa mita 60 kosa hilo si haba. Asiyejua jometri hawezi kujua simu imekosea. Atakuwa amehama kutoka kupimiwa na mtu hadi kupimiwa na chombo.

Wapo watakaosema kuwa kazi za kamba na vigingi ni ufundi wala si Hisabati, na kwamba zitaua uthibitisho, ambao ndio roho ya jometri. Hoja hii ina uzito, na tunakubali kuwa somo likiishia kwenye kutembea shambani litakuwa matembezi. Lakini uthibitisho huanza pale mtu anapouliza kwa nini. Chukua kipimo cha mkulima kinachofanana na herufi A: miti miwili ya urefu mmoja iliyofungwa juu, mti wa tatu umekatiza katikati, na uzi wenye jiwe umening'inia kutoka kileleni. Wakulima wa milimani hukitumia kuchora mistari ya usawa inayozuia udongo usichukuliwe na maji. Miguu yake miwili ikiwa juu ya ardhi ya usawa mmoja, uzi hupita katikati kabisa ya mti uliokatiza. Kwa nini? Darasa likilazimika kujibu swali hilo, litajikuta linathibitisha kanuni ya pembetatu yenye pande mbili sawa, tena kwa hamu. Na katika wilaya ambayo tarehe 3 Desemba, 2023 iliona tope la Mlima Hanang likishuka juu ya mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80, elimu ya mteremko na ya njia za maji si anasa ya vitabuni.

Wapo walimu watakaosema: muhtasari ni mrefu, wanafunzi ni wengi, na mtihani hauulizi mambo hayo. Hao tunawaelewa kuliko wote. Mwalimu hufundisha kinachopimwa, na hukumu yake hutolewa kwa matokeo. Kwa hiyo anayestahili kubadilika kwanza si mwalimu bali ni mtihani.

Tunajua vile vile kuwa Afrika Mashariki imewahi kuvamiwa na mitindo ya kufundisha. Kufuatia mikutano iliyoanza Entebbe, Uganda, mwaka 1962, ililetwa ile iliyoitwa Hisabati mpya, na vitabu vikaandikwa vyenye seti na alama nyingi. Walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha na wazazi hawakuelewa kitu. Kenya iliifuta mwaka 1981. Funzo tunalolipata ni kwamba mtindo mzuri ukiletwa bila ya kumwandaa mwalimu hugeuka mzigo. Hatutaki jometri ya shambani iletwe kwa tamko la siku moja, kisha isahauliwe mwaka ujao.

Wala wazo lenyewe si la kigeni kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alionya juu ya skuli inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfundisha kuamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba mzee wa kijijini hana la kumfundisha. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 nao ulitaka mwanafunzi ajengewe uwezo wa kutenda, si wa kukariri tu. Kauli hizo zipo kwenye karatasi kwa miaka mingi. Kinachotakiwa sasa ni futikamba.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wanaohusika.

Kwanza, Baraza la Mitihani litenge sehemu ya alama za Hisabati kwa kazi ya kupima na kukokotoa jambo halisi la mahali alipo mwanafunzi, na karatasi ya mtihani yenyewe iwe na swali moja la lazima la namna hiyo. Mtoto wa Hanang apime shamba au gunia, wa Nungwi apime chombo kinachoundwa pwani. Kanuni zitakuwa zile zile.

Pili, kila skuli ya sekondari ipatiwe futikamba ya mita 50, kamba, vigingi, timazi, pima maji na vipimapembe vikubwa. Gharama ya vitu hivyo kwa skuli moja haifikii gharama ya mkutano mmoja wa siku mbili wa kuzungumzia kushuka kwa ufaulu.

Tatu, vyuo vya ualimu vya Bara na Visiwani viwafundishe walimu jometri kwa njia hii hii, wakiwa nje na kamba mikononi, kwa sababu mwalimu hawezi kufundisha asichokipitia. Chama cha Hisabati Tanzania, ambacho kimekuwapo tangu miaka ya 1960, kina watu wanaoweza kuandika mifano na kuisambaza kwa Kiswahili chepesi pamoja na lugha ya mtihani.

Nne, halmashauri za wilaya ziwaruhusu wapima ardhi wao wafike skuli angalau mara moja kwa muhula, na walimu wakuu wawaalike mafundi waashi, maseremala, waundaji wa vyombo na wasukaji wa dema. Mafundi hao waonyeshe, wanafunzi waulize kwa nini, mwalimu athibitishe.

Tano, masheha wa hapa Visiwani na wenyeviti wa vijiji vya Bara wawakubalie wanafunzi kupima kwa ajili ya masomo viwanja vya umma, visima, barabara na maghala, na matokeo ya vipimo hivyo yabandikwe ofisini wananchi wayaone. Kiongozi anayetenda haki hana sababu ya kuogopa watoto wenye kamba.

Tunarudia kuwa hatusemi jambo hili litaondoa matatizo yote ya somo la Hisabati. Darasa lisilo na mwalimu halitaokolewa na kamba. Lakini pale mwalimu alipo, na shamba lipo nje ya dirisha, hatuoni kwa nini mtoto aendelee kuzungushwa na pembetatu isiyo na mwenyewe.

Mwakani, karatasi ya Hisabati itafunguliwa tena siku moja, saa moja, huko Hanang na hapa kwetu. Wanaoiandaa wanaweza kuanza sasa. Swali moja tu lingetosha kwa mwanzo: mtahiniwa apewe hatua ya mwenye shamba, hatua ya kibarua na ujira uliopatanwa, kisha aulizwe ni nani aliyedhulumiwa na kwa kiasi gani. Siku swali hilo litakapoonekana kwenye karatasi, walimu watatoka na wanafunzi wao kwenda kupima bila ya kuhimizwa na mtu.